Mama Kasomeshwa na Mke Mwenzie

Mama yangu alikuwa na neno moja la kufungia kila somo nililompa: "Nimeelewa, mwanangu." Akishalisema hilo, ujue hajaambulia kitu. Mie sikulijua hilo mapema, na matokeo yake nusura ajimalize kwa sindano yake mwenyewe, mchana kweupe, kwenye korido ya nyumba ninayopanga Kiwalani, nami nimesimama pale pale.

Kazi yangu mie ni ususi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, kinachotazama barabara, kina vioo viwili na feni inayolalamika. Wasichana niliowafundisha kusuka wametapakaa mpaka Buguruni, wengine wana saluni nzuri kuliko yangu, na wala siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Ninachotaka kusema ni kwamba kufundisha nakujua. Msichana akija hajui hata kushika kitana, namtoa hapa anasuka mabutu ya harusi. Kwa hiyo nilipoambiwa nimfundishe mama yangu mzazi kujidunga sindano, nilijiona kazi hiyo nimeshaimaliza.

Mama anakaa Mbande kwa ndani, kule ambako Temeke inaishia na mihogo inaanzia. Ana nyumba ya matofali aliyoiacha marehemu baba, minazi kadhaa, kuku wanaolala popote wanapotaka, na majirani aliozeeka nao. Ukimuuliza anakaa wapi, hasemi Dar es Salaam hata siku moja. Anasema, "Mie nakaa shamba. Mjini naendaga kwa watoto."

Siku moja jirani yake akamkuta kalala katikati ya matuta ya mihogo, jembe pembeni, midomo imemkauka, hajitambui. Akampigia kaka yangu simu. Kaka ni wakala wa forodha, anashinda Kurasini akihangaika na makontena ya watu, lakini siku hiyo aliacha kila kitu, akaendesha gari mpaka mwisho wa njia, akashuka, akaenda kumbeba mama mgongoni kama mtoto mpaka garini. Hospitali wakasema sukari. Tena si ya vidonge tu. Sindano asubuhi, sindano jioni, maisha yake yote, na kimashine cha kupimia damu kabla ya kujidunga. Mama akalisikiliza lote, akaitikia, "Nimeelewa, daktari."

Akaja kukaa kwangu. Jamani, mtu akikupenda haimaanishi anaipenda nyumba yako. Nyumba yetu ni korido moja, vyumba pande zote mbili, choo nyuma, na juu ya bati ndege zinapita chini chini zikienda kutua. Kila ndege ikipita mama alikuwa anainamisha kichwa. Nilimwambia, "Mama, haitugusi." Akasema anajua, na iliyofuata akainama tena. Asubuhi alifagia kibaraza, akimaliza anatazama huku na huku, hana pa kupalilia, hana kuku wa kumfokea, anarudi kufagia kibaraza kile kile. Wapangaji wenzangu walimheshimu, walimwamkia shikamoo kila wakipita, naye akawaitikia marahaba mpaka sauti ikaanza kupungua. Nikaona mama yangu ananyauka ndani ya nyumba yangu, na sukari ikiwa haijazidi hata kidogo.

Ndipo akaniambia, bila kunitazama, "Mwanangu, nirudishe kwangu."

Nilimpigia kaka. Kaka si mtu mbaya, nataka niliseme hili wazi kabla sijaendelea, maana ukimsikiliza unaweza kumchukia. Alikuja, akakaa kwenye kitanda changu, akashika mikono ya mama. "Mama, mie sikatai," alisema. "Ila simu kama ile siwezi kuipokea tena. Ukijua kujipima mwenyewe na kujidunga mwenyewe, nakurudisha Mbande kwa mkono wangu. Lakini masika yakianza hujajua, basi. Tunafunga nyumba, tunatafuta mpangaji, unabaki mjini na sie." Alikuwa na sababu. Masika yakishika kule, njia inageuka tope tupu, gari haliingii, bodaboda haziingii, mgonjwa anatolewa kwa kubebwa.

"Nimeelewa, baba," mama alimjibu.

Basi nikaanza kufundisha. Mama yangu Kurani anaisoma, alihitimu chuoni kwa maalimu akiwa binti, na mpaka leo akisoma Yasini watu wananyamaza. Ila shule hakupelekwa. Tarakimu za kwenye mashine kwake ni michoro tu, na hela anazijua kwa rangi. Nikamwonyesha: hii tano, hii sita, hapa kwenye bomba la sindano unavuta dawa mpaka mstari huu, usizidishe, ikizidi inaua. Umeelewa, mama? Nimeelewa, mwanangu. Rudia basi. Anarudia, lakini ananirudishia maneno yangu mwenyewe, nami kwa ujinga nafurahi. Asubuhi iliyofuata nauliza, anatazama kimashine kama mtu anayetazama mgeni asiyealikwa.

Siku ile ya korido nilikuwa na mteja saluni, ananisubiri nusu kichwa. Nikamwambia mama leo vuta mwenyewe, mie nakutazama tu. Akachukua bomba, akachoma kwenye kichupa, akavuta. Akavuta tena. Mie nilikuwa nimegeuka kumjibu mteja. Nilipotazama, bomba limejaa mpaka juu, na mama ameshapandisha khanga tayari kujidunga. Sikumbuki nimevukaje pale. Nilimpiga mkono, bomba likaruka, na sauti iliyonitoka ni ya kumfokea mtoto aliyeingia barabarani. "Mama! Si nimekwambia sasa hivi! Unataka kufa?"

Milango ya korido ikafunguka. Mama aliteremsha khanga yake taratibu, akaiweka sawa, akaokota bomba, akalifuta.

"Umenipiga, mwanangu," alisema. Wala hakulalamika. Alinijulisha tu.

Nilirudi saluni nikalia juu ya kichwa cha mteja wa watu, na njia niliyomchana siku hiyo ilikwenda upogo mpaka leo ananisimanga. Unajua, mie nimelelewa kuinamisha macho nikiongea na mzazi. Kwetu mtoto hamwambii mama yake "umekosea," na mama hamwambii mtoto wake "sijui." Hakuna aliyetuandikia hilo mahali, tumelikuta na tukakua nalo. Sasa leo naambiwa nikae mbele ya mama yangu kama mwalimu na fimbo, na yeye akae kama mwanafunzi. Angeniambia nini yule mama wa watu? Alinipa jibu pekee lililomwacha na heshima yake: nimeelewa. Nilielewa hivyo baadaye, lakini siku hiyo nilikuwa na hasira tu, na woga.

Kule Mbande zahanati yao ilikuwa na nesi mmoja, mwanamke wa Mbeya, mrefu, anaongea Kiswahili cha kupanda na kushuka kama milima ya kwao. Alikuwa ameona wazee wa sukari wanamwongezekea, akaanzisha darasa lao kila Jumamosi kwenye mabenchi ya kibarazani. Sharti lake: kila mzee aje na mwanawe, ili huyo mwana ajifunze pamoja na mzazi, wakirudi nyumbani wakumbushane. Wazo zuri kabisa. Nikawa nampeleka mama kutoka Kiwalani.

Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini lile darasa lilikuwa kichekesho. Wazee wamejipanga, vibaraghashia na mabuibui, kila mmoja na mwanawe mtu mzima ubavuni, wote wamenyooka kama wako barazani kwa posa. Nesi anaeleza. Nesi anauliza, "Mmeelewa?" Benchi zima: "Tumeelewa!" Nesi akiuliza swali, mzee anamtazama mwanawe, mwana anatazama chini kwa kumwonea haya mzazi, na swali linabaki hewani mpaka nesi anajijibu mwenyewe. Siku moja alishika kiuno, akasema, "Jamani, mbona nyie mnaelewa haraka hivi? Mie niliyesomea ilinichukua miaka." Wazee wakatabasamu kwa adabu.

Kilichotuokoa ni bibi harusi. Jumamosi moja nilikuwa na kichwa cha bibi harusi, kazi ambayo huiachi hata kwa kufiwa, nikamtuma binti yangu ampeleke bibi yake.

Huyu binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kufunika uso, tangu hapo anashinda kitandani na simu, singeli masikioni. Nilimweka saluni, akawa anasuka rasta moja anajibu meseji tatu. Nikamwambia, "Wewe na mama yangu mmekuwa mzigo wangu wa kichwani na mgongoni." Akanijibu, "Mzigo wa kichwani nani?" Ndivyo alivyo. Mdomo kaurithi, na msiniulize kwa nani.

Na marehemu baba ndiye aliyeanzisha utani wao, yeye na bibi yake. Binti yangu alipozaliwa, baba alimpokea mikononi akasema, "Mke wangu kaja." Toka siku hiyo mama akawa bi mkubwa na kitoto kile kikawa bi mdogo. Baba akinunua pipi anasema anampelekea mkewe mdogo, mama ananuna kwa makusudi, nyumba nzima inacheka. Baba akafariki, lakini ugomvi wa wake wawili haukufa. Mpaka leo wanagombea mume ambaye hayupo. Binti anaweza kumwambia bibi yake maneno ambayo mie nikiyasema mbinguni wataniandika, na bibi anayapokea na kumrudishia makali zaidi.

Jioni ile walirudi Kiwalani wanacheka kuanzia kituoni. Nilisikia kicheko cha mama kabla sijamwona. Nikatoka na kitana mkononi. "Kuna nini?" Binti ndiye aliyenihadithia, mama kaegemea ukuta anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Nesi alikuwa ameuliza kama kawaida, umeelewa bibi? Mama akajibu kama kawaida. Binti yangu akaruka kwenye benchi. "Muongo huyu! Nesi, usimsikilize. Bi mkubwa muongo toka zamani, ndo maana mume akanioa mie!" Benchi zima la wazee likaangua kicheko, vibaraghashia vikacheza. Mama akavua kandambili kumtupia. Kandambili ikampata mzee wa watu. Na hapo hapo, katikati ya zogo, mama yangu akapiga kelele: "Haya, sijui! Hicho kidude sikijui, na hizo sindano sizijui! Nionyeshe basi wewe unayejua, mwizi wa waume!"

"Kasema sijui?" nilimuuliza binti.

"Kasema. Tena mara nyingi tu. Kumbe hajui kitu kabisa, mama. Hata ile tano uliyosema anaijua, haijui."

Nilirudi kwa bibi harusi wangu nikiwa na furaha na donge. Neno lile sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mama yangu maisha yangu yote, na limetolewa bure kwa mtoto asiyejua hata kukunja shuka lake. Niliona wivu, nasema kweli. Halafu nikafikiri, mjinga mie, hivi nataka mama apone au nataka nimponye mimi?

Nesi naye hakuwa mzito. Jumamosi iliyofuata akatangaza: wana wabaki nyumbani, kila mzee aje na mjukuu. Sie watu wazima tukawa tunasimama nje ya geti la zahanati kama madereva, na kelele zinazotoka kibarazani huwezi kuamini ni za wagonjwa. Babu mmoja alikuwa anaitwa mchumba na kitoto cha darasa la tano kinachomgombeza, "Mchumba, mbona unashika sindano kama kijiko cha uji?" Babu anacheka, anarekebisha. Mwanawe amesimama na mie pale getini, akatikisa kichwa. "Mie nikimwambia hivyo ananilaani," alisema.

Kaka alikubali, kwa shingo upande, mama arudi Mbande kwa majaribio mradi binti yangu akae naye. Masika yakianza, hukumu iko pale pale. Nikawa naenda kila nikipata nafasi, na kila nikifika nafukuzwa ndani. "Kaa huko nje, mwanangu," mama ananiambia, "hapa kuna mambo yetu ya wake wenza." Nakaa kwenye mkeka barazani, nasikiliza.

Ukuta wa jikoni ulikuwa umechorwa tarakimu kwa mkaa, kubwa kubwa, za kuonekana toka mlangoni. Saba ilikuwa jembe. Nne ilikuwa kiti kilichopinduliwa. Nane, binti alisema, ni bi mkubwa akiwa amesimama, angalia tumbo na makalio, na kwa sababu hiyo mama aliijua nane kabla ya nyingine zote, kila akiiona anatukana. Mapapai mabichi yalijaa matundu ya kujifunzia kudunga. Dawa yenyewe ilikuwa inakaa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo chini, kwa sababu friji hakuna, nesi ndiye aliyewafundisha. Mama aliupenda mtungi ule kuliko kitu kingine chochote katika ugonjwa wake. Hatimaye dawa ya hospitali ilikuwa imekuja kukaa mahali anapopaelewa.

Lakini mama si mtu wa kuchukua kitu cha bure, sembuse kwa mke mwenza. "Sisomi kwako kwa fadhila," alimwambia binti. "Ukinifundisha, nakufundisha." Akamtolea ukindu, akamkalisha chini kumfundisha kusuka ukili wa mkeka. Hapo ndipo niliposikia kisasi kinavyolipwa. "Fumua," mama anasema. Binti anafumua, anasuka upya. Mama anatazama kwa pembe ya jicho. "Fumua." "Bi mkubwa, mbona uko sawa?" "Uko sawa kwa nani? Mtoto wa msusi hujui kusuka, mama yako anawasuka nini watu huko mjini? Fumua." Kisha zamu inageuka, mashine inatolewa, na nasikia sauti ya binti yangu, ile ile sauti ya mama, neno kwa neno, "Si hapo. Rudia. Nimesema rudia, bi mkubwa, mume hayupo wa kukutetea."

Siku moja nilimkuta binti peke yake barazani anasuka, simu imelala kifudifudi kando yake, hana habari nayo. Hakunisikia nikifika. Ukili ulikuwa umenyooka. Nilisimama kimya nikamtazama mpaka akaniona, akaanza kununa kama kawaida yake, nikajifanya nimekuja kuulizia mihogo.

Mwishoni mwa kiangazi mawingu yakaanza kukusanyika upande wa baharini, na kaka akaja. Tulikuwa tumekaa barazani wote watatu, hata chakula cha mchana bado. Alishuka garini jasho linamtoka, akamwamkia mama, akakaa, akaomba maji.

"Mvua ni wiki hii," alisema. "Haya, nionyesheni. Mama, jidunge nione."

Mama hakusogea.

Nilijua palepale tumekwama, na nikashangaa mbona hatukulifikiria. Sindano yake inadungwa tumboni. Mama yangu atapandishaje khanga, afunue tumbo mbele ya mwanawe wa kiume? Aliona afadhali afe. Akatazama chini, akavuta khanga ikamfunika mpaka miguuni.

"Anajua, mjomba," binti alisema. "Haki ya Mungu anajua. Asubuhi kajidunga mwenyewe."

"Kila mtu ananiambia anajua," kaka akasema. "Mjini nako alikuwa anaelewa kila siku, mpaka siku aliyojaza bomba." Akamgeukia mama. "Mama, sio ugomvi. Nionyeshe tu mara moja."

"Sikuonyeshi, baba," mama alisema kwa upole.

Kaka alisimama, akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo za mama, akalipeleka kwenye gari. Mie nikamrukia. Nilimwambia maneno, mengine siyarudii hapa. Nikamwambia anamtoa mama kwake kama anayetoa kontena bandarini. Akageuka, na nilitegemea kumwona amekasirika, lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Wewe hukumbeba," aliniambia. "Mie ndo nilimbeba. Kichwa chake kilikuwa kinanipiga hapa begani kila hatua, na nilikuwa najua nabeba maiti. Wewe hukuwepo. Nani atambeba safari hii njia ikiwa tope?" Mie nami nikarudi kukaa mkekani, maana hapo hakukuwa na mtu wa kumshinda. Binti alikuwa ameshaanza kulia.

Mama ndiye aliyenyanyuka. Akaingia ndani, akatoka na kimashine chake na kopo la vifaa, akakaa mkekani, akapiga mkeka kwa kiganja kumwonyesha kaka pa kukaa.

"Tumbo langu sikuonyeshi," alisema. "Lete kidole chako."

Kaka alisita, halafu akakaa. Mtu wa kugombana na maofisa wa bandari, lakini alipoona kisindano cha kutobolea aligeuza uso upande wa minazi. Mama akamtoboa ubavuni mwa kidole, pale nesi alipofundisha, pasipouma sana. Akakamua tone, akalifikisha kwenye kipande cha kupimia, akasubiri. Mashine ikalia. Mama akaisogeza mbali kidogo na macho, kama wasomavyo wazee wote.

"Kumi na nane, nukta tatu," alisema.

Kaka alicheka kwa huzuni. "Mnaona? Hiyo ni namba yake ya siku ile ya hospitali, kaikariri tu. Mama, hujui kusoma."

Nikainama kutazama. Binti akainama. Ilikuwa kumi na nane nukta tatu.

Nesi alishatuambia, ikifika kumi na moja tu ni ugonjwa.

"Umeshika nini njiani?" mama alimuuliza kaka. "Umekula tunda? Umekunywa soda?"

"Soda. Hapo Mbagala."

"Kanawe. Kwa sabuni. Sukari ikibaki kidoleni inadanganya mashine." Kaka akaenda kunawa kwenye ndoo kama mtoto aliyetumwa. Akarudi na mikono inachuruzika maji, mama akamfuta kwa khanga yake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akachagua kingine, akatoboa. Tukasubiri. Sikumbuki kama kuku walikuwa wanalia, sikumbuki kama upepo ulikuwa unavuma, nilikuwa natazama tu uso wa mama yangu.

"Kumi na saba, nukta tisa," alisema. Akaiweka mashine chini, lakini mkono wa kaka hakuuachia. "Mdomo unakukauka?"

"Unakauka, mama."

"Unaamkaamka kwenda haja ndogo?"

Kaka alitikisa kichwa kukubali, macho chini. "Nilidhani ni uchovu. Kazi." Akainua macho. "Mama, hiyo namba ndo nini? Mie nitaanguka kama wewe?"

"Inategemea. Nesi atakuambia kama ni vidonge au sindano. Sindano haiumi kama unavyofikiri. Ukibana mafuta hivi, ukaingiza kwa mkato, haiumi." Alikuwa anambana ngozi ya mkono kumwonyesha, kwa vidole vile vile vilivyojaza bomba kwenye korido ya Kiwalani. Mimi ndiye niliyekuwa nalia sasa.

"Nitakufundisha," alisema. "Usiniambie umeelewa kama hujaelewa. Nitakuuliza."

Kisha akamgeukia binti yangu. "Bi mdogo, kashushe furushi langu garini. Na ule muhogo wa kuchemsha usitie nazi, kuna mgonjwa." Akamnyooshea kaka kiganja, na kaka, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, akaweka funguo za gari juu yake bila kuulizwa mara ya pili. Mama akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Leo hapa haondoki mtu," alisema. "Kesho nampeleka mwanangu zahanati."